Ndiyo, Ni Wewe

…na wala si jina gumu, anajiambia, ni jina moja tu la kubadilisha, mengine yote ni yale yale, tarehe ya kuzaliwa ile ile, mji ule ule, wodi moja, kitanda kimoja, mama mmoja aliyekuwa ameshajilaza akidhani amemaliza kazi mpaka mkunga akamwambia usilale, bado kuna mwingine huku, na huyo mwingine ndiye yeye, aliyechelewa hata kuzaliwa, mdogo wa pacha wake kwa muda wa kuchemsha chai, na tangu siku hiyo hajawahi kuwahi popote isipokuwa jana, jana aliwahi, alipanda treni kama mtu mwenye akili timamu, akapata kiti cha dirishani, akalitundika koti la suti kwenye ndoano lisijikunje, akala, akalala, akakoroma, kwa ushahidi wa mama mfanyabiashara aliyekaa mbele yake, na sasa treni imesimama mpakani, kichwa cha treni kimefunguliwa kikaenda zake, kwa sababu kichwa cha nchi moja hakivuki kwenda nchi ya pili, wenye kiherehere hicho ni abiria peke yao, feni nayo imezimika, kondakta amepita akifunga vyoo kwa ufunguo kama anayefunga ghala la sukari, na yeye alikuwa ameitoa pasipoti mfukoni awe nayo tayari, akaifungua bila sababu, mkono tu ulikosa kazi, akaiona picha, mashavu yamejaa, shingo imeshiba, akafurahi, akasema moyoni kumbe na pasipoti hunenepa, halafu akakumbuka kwamba picha yake yeye si hiyo, picha yake yeye ilipigwa akiwa ametoka kuugua homa ugenini, amekonda, macho yamemtoka, kila afisa wa kila mpaka huitazama na kumwuliza ulikuwa unaumwa, naye hujibu hapana, nilikuwa ndiyo kwanza nimeoa… na hapo ndipo macho yake yalipoteremka kwenye jina, akakuta jina la kaka yake.

"Mbona jasho, shemeji?" anauliza mama mfanyabiashara, ambaye humwita kila mwanamume shemeji, hata kondakta, hata mbuzi angekuwa na tiketi angemwita shemeji, na ambaye huvuka mpaka huu kila wiki na mabegi yake ya nguo za watoto, anaujua kama sebule yake, "feni imekufa," anamjibu, "poleni kwa msiba," anasema mama, anacheka, na siku nyingine wangecheka wote mpaka wa chumba cha pili wagonge ukuta, lakini leo pasipoti imo mkononi, imefungwa, kidole kipo katikati kama alama ya kitabu, na kibofu nacho kimechagua saa hii hii kuleta madai yake, chai yote ya asubuhi imesimama foleni na mlango umefungwa kwa ufunguo, anakunja mguu wa kulia juu ya wa kushoto, anabadilisha, anarudisha, "wameanzia mbele," anasema mama akinyoosha shingo kwenye ujia, "leo yupo yule mwembamba wa sauti ya upole, ole wetu, wanaofoka hawana shida, wanafoka huku wanapiga muhuri, lakini huyu wa upole, shemeji, huyu hukuangalia…" na yeye anajiambia aangalie, aangalie mpaka achoke, ataona nini, uso ni ule ule, mama yao mwenyewe alishindwa, alimfunga mmoja uzi mkononi ili amjue, uzi ukakatika, akafunga mwingine, na hakuna awezaye kuapa kwamba aliufunga kwa mtoto yule yule, kwa hiyo huenda miaka yote hii yeye ndiye kaka na kaka ndiye yeye, aliwahi kuitoa hoja hiyo mezani mbele ya familia nzima, akidai heshima zake zote za ukubwa zilizocheleweshwa, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, ila kaka hakucheka, kaka alisema kilichoandikwa kimeandikwa, akaendelea kula, ndivyo alivyo, mkaguzi wa mizani za madukani, serikali ilimlipa kwa kutoamini, na nyumbani hakuna anayemwita vingine, Mkaguzi, hata mkewe, Mkaguzi njoo ule, Mkaguzi hukagua kwanza halafu hula, hugeuza chungwa pande zote kabla ya kulimenya, hufunga mlango, huondoka, hurudi kuusukuma aone kama kweli umefungwa, na sokoni wenye maduka wakiona uso ule huondoa haraka kipande cha chuma kilichobandikwa chini ya sahani ya mizani, jambo ambalo yeye mdogo mtu amelifaidi sana, amekula vitunguu vya nyongeza maisha yake yote kwa uso ambao hakuusomea… basi uso huo huo umvushe leo, kuna ubaya gani, aseme tu ndiyo, ni mimi, mara moja kwa maafisa wa upande huu, mara ya pili kwa wa upande ule, uongo wa kwenda na uongo wa kufika, na kesho awe amesimama kwenye ukumbi, amevaa lile koti linaloning'inia pale, amemshika binti mkono.

Kwa sababu binti anaolewa kesho, binti wa Mkaguzi, mtoto pekee, kule ng'ambo alikopata kazi na mchumba kwa mpigo mmoja, na treni hii huja mara moja kwa wiki, akishushwa hapa ni kwamba binti ataingia ukumbini na mikono yake mwenyewe tu, wala baba wala baba mdogo, baada ya kumwambia kwenye simu, juzi, kwa sauti ile ya mtu anayejikaza, "baba mdogo, najua baba hawezi, lakini wewe njoo, ila njoo kama wewe, usije ukaniigizia baba, nitalia mbele za watu," akamjibu wewe nawe, nimekuwa mwigizaji lini, wakacheka, lakini mtoto alikuwa na haki yake, ndiye mtu pekee duniani ambaye hakuwahi kuwachanganya, mama yao aliwachanganya, walimu, vinyozi, mke wa Mkaguzi aliwahi kumgombeza yeye shemeji yake jikoni kuhusu bomba linalovuja mpaka alipomaliza kabisa ndipo akatazama vizuri akasema, ah, kumbe ni wewe, basi mfikishie, lakini yule mtoto, angali hajui hata kutembea, ukimbeba wewe usiye baba yake alikuwa anapiga ukelele kama king'ora, na alipokua kidogo akamwuliza, hebu niambie siri, unatujuaje, naye mtoto, mdomo umejaa biskuti ya hongo, akamjibu, "baba ananiangalia kwanza ndiyo ananibeba, wewe unabeba tu."

Unabeba tu… na ndivyo ilivyokuwa na pasipoti hii, ameibeba tu, yeye ambaye vidole vyake hutambua nati iliyolegea gizani, juu ya paa la lifti, kamba za chuma zikilia masikioni, hakutambua kwamba kitabu kilichomo mfukoni ni kipya, laini, hakijawahi kukaliwa, wakati chake yeye kimezeeka kama mpira wa watoto wa mtaani, kimezunguka na yeye kila mahali kampuni ilipomtuma kufunga na kutengeneza lifti, angani, majini, barabarani, amekisahau kwenye vyumba vya mitambo juu ya mahoteli, amekikuta ndani ya sanduku la vifaa kikiwa kimekunywa grisi, ndiyo maana Mkaguzi alipomwona ameingia na kitabu kile wiki iliyopita alikunja uso, akanyoosha mkono kutoka kitandani, "lete hapa, utakipoteza kabla ya kufika stesheni," akakivisha jalada la plastiki sawa na la chake, akaviweka vyote viwili kwenye droo ya kando ya kitanda, kwa maana walikuwa wasafiri wote wawili, hiyo ndiyo ilikuwa mipango, Mkaguzi alikuwa amekata pasipoti ya kwanza maishani mwake, mtu aliyekuwa akisema ng'ambo kuna nini ambacho hakipimwi hapa, akaenda kupiga picha, akashonesha suti, fundi akamzungushia futi ya kupimia tumboni na kumwambia mzee, umeshiba, halafu ugonjwa uliokuwa ukimla taratibu ukaanza kula kwa pupa, daktari akasema safari hakuna, hata ya kwenda dukani hakuna, na suti ilipoletwa wakamvisha, ikamzunguka kama pazia, akajitazama, akasema, "mpeni mdogo wangu, mimi nimeshakuwa hanga ya nguo," na hakuna aliyejua afanye nini, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia Mkaguzi akitania.

"Hicho ni nini? Vyote hivi ni vya matumizi yako?" inauliza sauti ya upole kutoka chumba cha pili, mtu anajibu kitu, zipu inafunguliwa, zipu ndefu, haina mwisho, "nilikwambia," ananong'ona mama mfanyabiashara, "huyo ndiye yeye, hebu acha kucheza na miguu, shemeji, utafikiri umekalia siafu," "si siafu, ni chai," anamwambia, mama anamtazama, anaelewa, anaweka mkono mdomoni, "pole, na hapa hawafungui mpaka kichwa kipya kije, mimi ndiyo maana sinywi kitu tangu jana, wewe si ulisema umetembea nchi nyingi?" ndiyo, ametembea, ametembea na bado ni mjinga, anatoa simu, mtandao wa huku umekwisha na wa kule haujaanza, ni afadhali, angempigia nani, angempigia Mkaguzi amwambie nini, kwamba umenipa ya kwako, kwamba wewe, wewe ambaye hurudi kuusukuma mlango, umekosea… na hapo wazo linasimama ghafla, kama lifti iliyokatikiwa umeme, halipandi wala halishuki, kwa sababu Mkaguzi hakosei. Hapana. Rudi nyuma. Ilikuwaje. Ilikuwa jana alasiri, teksi inapiga honi nje, yeye amesimama kando ya kitanda na begi begani, Mkaguzi ameegemezwa kwenye mito, miwani iko kule dirishani kwa sababu siku hizi haikai, pua imekuwa nyembamba, huteleza tu, na akataka kumletea miwani, Mkaguzi akasema acha, naona, akavuta droo, akatoa vitabu vyote viwili, na hakutoa tu, alikagua, kwa hilo yuko tayari kuapa, alikifungua kimoja akakiweka mbali na macho, akaitazama picha, akamtazama yeye, akaitazama tena picha, akamtazama tena yeye, mara mbili mbili, kama anavyofanya na mizani ya mtu asiyemwamini, halafu akasema, "ndiyo, ni wewe," akampa, na kile cha pili akakifungua vile vile, akaitazama ile picha ya pili, akakaa nayo, akakaa nayo muda mrefu kuliko ya kwanza, honi ikalia tena, akakifunga polepole, akakirudisha kwenye droo, akasukuma droo kwa kidole, na yeye akadhani kaka amechoka, akambusu kwenye paji la uso, akatoka mbio, akiwa anajisifu kwamba kwa mara ya kwanza atawahi.

Mashavu yaliyojaa, ndiyo, ni wewe. Na ile nyingine, iliyokonda, macho yamemtoka, ile ya homa, ile ya utani wa nimeoa… Ee Mungu wangu. Hakusoma jina, asingeweza bila miwani, alipima kwa uso, alikuwa na nyuso mbili mkononi na watu wawili chumbani, mnene kwa mnene, mwembamba kwa mwembamba, akagawa sawasawa, hakukosea, mizani yake iko sawa kabisa mpaka leo, ila alishika picha yake mwenyewe, aliyoipiga mwaka huu huu, akiwa amekaa wima na kola imepigwa pasi, akaitazama mara mbili na hakujiona, alimwona mdogo wake, na alipoishika ile ya mgonjwa ndipo alipojiona, akajitazama pale, muda wote ule, na yeye aliyesimama pembeni na begi lake la kipumbavu hakuuliza unatazama nini, alibeba tu.

Koti linayumba kwenye ndoano ingawa treni haitembei, labda ni upepo, labda ni watu wanaopita kwenye ujia, linayumba na mabega yake mapana, limejaa hewa, zuri, linamkaa barabara, amelijaribu mbele ya kioo na mke wa Mkaguzi aliposhika mlango akamwona kwa nyuma aliita jina, si lake, halafu akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi… na ukilitazama hivyo kila kitu kinamnyooshea yeye, koti linasema ni wewe, picha inasema ni wewe, shemeji yake, Mkaguzi mwenyewe, wote wamekubaliana bila kikao, bado yeye tu kusaini, aseme ndiyo, ni mimi, na watakuwa wamekwisha kukubaliana wote kwamba uso ule hauna mwenyewe tena kule kitandani, umehamishwa, umevuka mpaka na treni ya kila wiki, na yule aliyelala ni hanga… naye alikuwa anapanga kulisema hilo kwa mzaha, kwa maafisa wawili, mara mbili, huku anatabasamu. Kazini kwake, mtu akikwama kwenye lifti kati ya ghorofa na ghorofa, kuna mambo mawili humwambia kupitia upenyo wa mlango kabla hajagusa hata bisibisi, la kwanza, usijaribu kujitoa mwenyewe, kwa sababu lifti iliyosimama haiui mtu, wanaoumia ni wale wanaopanua mlango na kujipenyeza, nusu ya mwili huku na nusu kule, ndipo umeme unarudi, na la pili humwuliza, unaitwa nani, hivyo tu, hakuna dawa ya woga kama hiyo, mtu aliyekuwa anapiga mlango mateke hunyamaza, akafikiri, akajibu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumdanganya, wakubwa wa mashirika wamemtajia majina waliyoitwa na mama zao, kwa sababu mle gizani mtu hutaka kuokolewa yeye, asije akaokolewa mwingine kwa makosa.

Basi atasema. Atasema huyu si mimi, na watamshusha, labda watamshusha, labda yule wa upole ana bosi na bosi ana moyo, hajui, ila akishushwa atatafuta simu ya mtu, na binti… binti atalia, atalia kweli, lakini hatakuwa amesimama pale akiangaliwa na uso wa baba yake ambao baba yake hayumo ndani yake, mtoto ambaye hakuwahi kudanganyika angali ananyonya, hawezi kwenda kumdanganya siku ya harusi yake. Na Mkaguzi? Mkaguzi atauliza, atauliza mara mbili, imekuwaje, nilikagua mwenyewe, na hapo ndipo anapojikuta, kwa mara ya kwanza tangu kichwa cha treni kifunguliwe, anatabasamu, kwa kuwa uongo wa hilo anao, wala hatauumba, umeshatengenezwa miaka mingi, kila mtu katika ukoo ameuamini kabla haujasemwa, atasema kaka, ulinipa sahihi kabisa, mimi ndiye niliyerudi chumbani kuchukua chaja, wewe ukiwa umefumba macho, nikafungua droo, nikaiweka yangu nikabeba yako, unanijua nilivyo, na Mkaguzi atakunja uso wote uliobaki, atasema, "wewe, wewe utazeeka lini," na mkewe atasema nilijua tu, na watamsema mpaka jioni, mzembe, mtu mzima ovyo, amemkosesha mtoto mshika mkono, watalisema hilo miaka yote ijayo katika kila kikao, naye atainamisha kichwa na kulipokea, neno kwa neno, kama mtu anayepakia mizigo yake halali.

"Habari za humu," inasema sauti ya upole, na mlango umeshasukumwa, afisa ni mwembamba kweli, kalamu sikioni, muhuri mkononi, kondakta nyuma yake na mashada ya funguo, mama mfanyabiashara anatoa pasipoti yake iliyokunjika, "za kwako, shemeji," muhuri unalia, mabegi hayafunguliwi, leo ana bahati, kisha mkono unanyooshwa upande wa dirisha, na yeye anachomoa kidole kutoka katikati ya kitabu, anakabidhi kitabu, anakiona kikifunguliwa na vidole vya mtu mwingine, kurasa nyeupe, safi, hazina hata doa, "safari ya kwanza, mzee?" na afisa anaitazama picha, anamtazama yeye, anaitazama tena picha, mara mbili, hana haraka, huko mbali kichwa kipya cha treni kinapiga honi kikija kinyumenyume, "sawa," anasema afisa, "ni wewe," na ananyanyua muhuri.

"Hapana," anasema, na sauti inatoka ndogo kuliko alivyotarajia, haina mzaha wowote ndani yake, anaisikia kama ya mtu mwingine na kumbe ni yake, "huyo ni kaka yangu. Huyo ni yeye kabisa. Yupo nyumbani," na mama mfanyabiashara anasema, "shemeji!" kama mtu aliyeona glasi ikianguka, na muhuri umebaki hewani, na afisa anamtazama, kweli ni kama mama alivyosema, huyu hukuangalia, anamtazama bila hasira, na kwa upole ule ule, kama mtu aliyeinamia upenyo wa mlango wa chuma, anamwuliza:

"Kwa hiyo wewe unaitwa nani?"